Kusubu fedha ndani ya jiwe la tufa, kazi ya masonara wa Navajo

Bangili ikitoka na ncha butu, au kidani kikatoka na vitundu mgongoni, watu huilaumu fedha. Wanaongeza moto, wanaongeza boraksi (unga unaosafisha fedha inapoyeyuka), wanamimina tena, na kasoro inarudi palepale. Mara nyingi fedha haina kosa. Kosa liko kwenye jiwe: halikukauka, halina njia ya hewa, au mlango wa kumiminia ni mwembamba kuliko pambo lenyewe. Masonara wa Navajo, kusini-magharibi mwa Marekani, hutumia saa nyingi kwenye jiwe na dakika chache tu kwenye moto. Anayetaka kuijua kazi yao na aanzie huko.

Kusubu ni kumimina fedha iliyoyeyuka ndani ya kalibu, yaani jiwe lililochongwa umbo la pambo. Wauza vito huiita kazi hii kusubu kwa mchanga, ingawa kalibu yenyewe haina mchanga. Kinachochongwa ni tufa, yaani majivu ya volkano yaliyoshikana yakawa jiwe, linalopatikana kaskazini mwa Arizona. Zamani walitumia pia jiwe la mchanga laini, ambalo ni gumu zaidi kuchonga lakini huvumilia moto mara nyingi zaidi. Tufa ni nyepesi, ina vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na inakatika kwa msumeno kama sabuni ya mche. Msumeno wenyewe utaharibika, kwa hiyo tumia wa zamani, usimpe tufa msumeno wako wa mbao.

Kwa Wanavajo ufundi huu si wa kale sana. Waliupata kwa mafundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19, na simulizi zao humtaja Atsidi Sani kuwa wa kwanza, mtu aliyekuwa mhunzi wa chuma kabla ya kugusa fedha. Kazi ilienea baada ya 1868, waliporudi kwao kutoka Bosque Redondo, kambi huko New Mexico ambako jeshi la Marekani liliwashikilia tangu 1864. Malighafi ilikuwa sarafu. Dola ya fedha ya Marekani ilikuwa na uzito wa gramu 26.7 na usafi wa asilimia 90, na peso ya Meksiko ilikaribiana nayo. Masonara wa Oman walifanya vivyo hivyo na riali za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria. Leo wengi hutumia fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za shaba katika kila 1000, na vipimo vyote hapa chini ni vya fedha hiyo.

Tuje kwenye jiwe. Chagua kipande chenye chembe ndogo zinazolingana, kisicho na kokoto ndani wala mistari ya rangi tofauti, kwa sababu mstari wa rangi mara nyingi ndipo jiwe litakapopasukia. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hutoa sauti kavu inayosikika vizuri, chenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Kwa bangili yenye urefu wa sentimita 14 kabla ya kukunjwa, kata vibao viwili vyenye urefu wa sentimita 22 hivi, upana wa 10 na unene wa 4 au 5. Kibao chembamba kuliko hapo hupasuka kwa joto la mmimino wa kwanza. Kisha visugue vibao hivyo, uso kwa uso, kwa kuvizungusha, mpaka vikutane bila mwanya. Vishike pamoja mbele ya taa. Ukiona mwanga unapenya popote, endelea kusugua, maana mwanga ukipita hapo fedha nayo itapita.

Vumbi la tufa lina silika. Halionekani kuwa na madhara, linafanana na unga, lakini mapafu hayalisamehi. Vaa barakoa ya vumbi inayokaa vizuri usoni, fanyia kazi nje au mahali penye upepo, na usiupulize mchongo kwa mdomo. Pangusa vumbi kwa brashi laini, jiwe likiwa limeinamishwa ili uchafu uanguke chini.

Kibao kimoja huchongwa, cha pili hubaki bapa na kuwa mgongo wa pambo. Mchoro unachongwa kinyume: kilicho kulia jiweni kitakuwa kushoto kwenye fedha, na kilicho shimo kitakuwa mwinuko. Kwa visu vidogo, tindo nyembamba, hata msumari ulionolewa, shuka milimita 2 hadi 3. Chini ya milimita 1.5 fedha huganda kabla haijafika mwisho wa njia. Kuta za mchongo zilale kidogo kuelekea nje. Ukichimba chini ya ukingo, fedha itajifunga humo na hutalitoa pambo bila kuvunja jiwe. Pembe kali za ndani nazo ni adui. Fedha husinyaa inapoganda, jiwe halisogei, na mahali penye pembe kali ndipo panapochanika. Ziviringishe kidogo hizo pembe, utazinoa baadaye kwa tupa.

Umbo linalopendwa zaidi kwa bangili za namna hii ni mbavu mbili au tatu zinazotoka sehemu moja, zinaachana katikati, halafu zinakutana tena mwishoni. Kila ubavu huchongwa kwa mikato miwili inayokutana chini, hivyo kwenye fedha hutokea mgongo wa pembetatu. Hapo mkono usiotulia huonekana mara moja, kwa sababu mgongo huo ukipinda hakuna tupa itakayounyoosha bila kupunguza unene. Mimi naona bora kuuchonga ubavu mzima kwa mwendo mwepesi unaorudiwa mara nyingi kuliko kuukata kwa nguvu mara moja.

Kabla ya kuchonga mlango wa kumiminia, bonyeza plastisini kwenye mchongo, itoe, uitazame. Hiyo ndiyo sura ya pambo lako, na bado unaweza kurekebisha. Plastisini hiyohiyo itakupa uzito wa fedha. Itumbukize kwenye silinda ya kupimia yenye maji uone maji yamepanda kwa mililita ngapi. Kila mililita moja inahitaji fedha gramu 10.4. Maji yakipanda kwa mililita 4, pambo litataka gramu 42 hivi. Ongeza nusu yake kwa ajili ya mlango na njia za hewa, upate kama gramu 62 au 63. Fedha ikipungua katikati ya kumimina huwezi kuongeza, maana ya kwanza itakuwa imeshaganda na ya pili haitashikamana nayo.

Mlango wa kumiminia ndio unaowashinda wengi. Unachongwa nusu kwenye kila kibao, uwe na umbo la faneli: mdomo wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa juu, ukipungua mpaka milimita 6 au 8 pale unapoingia kwenye pambo, na kimo cha sentimita 4 hivi. Kimo kinaipa fedha uzito wa kusukuma. Unene wa shingo una kazi nyingine. Fedha iliyo ndani ya pambo inaposinyaa inavuta fedha zaidi kutoka mlangoni, kwa hiyo mlango lazima uwe wa mwisho kuganda. Ukiufanya mwembamba ili upate kazi ndogo ya msumeno baadaye, utaganda kwanza, na pambo litajivuta lenyewe, likiacha matundu karibu kabisa na shingo. Ukikata shingo na kuona sponji ya vitundu ndani, usiongeze moto safari ijayo, panua shingo. Na mlango uingie upande ambao pambo ni nene, si kwenye ncha.

Njia za hewa ni mikwaruzo ya milimita moja, mingine chini ya hapo, inayotoka kwenye kila mwisho wa mchongo hadi ukingoni mwa jiwe. Tufa inapumua yenyewe, ila haipumui kwa kasi ya kutosha. Chukua mfano wa naja, ule mwezi mchanga unaoning'inia katikati ya mkufu wa Kinavajo. Umbo hilo lilifika kwao kwenye hatamu za farasi wa Wahispania, nao Wahispania walilipata kwa Waislamu wa Andalusia, kwa hiyo macho ya mtu wa pwani yetu yanaitambua hilali mara moja. Ukiichonga na mlango ukiwa juu ya upinde, ncha zake mbili zinaelekea chini. Fedha inaposhuka, hewa inakimbilia kwenye ncha hizo na kunaswa. Kila ncha inahitaji njia yake, itoke pembeni na kupanda juu kufuata ukingo wa jiwe. Ukiielekeza chini moja kwa moja, fedha itachuruzika nje. Upana wa njia nao una mipaka, kwa sababu mkwaruzo wa milimita 2 unageuka mlango wa pili na kuiba fedha ya ncha.

Sasa kausha. Tufa hunywa unyevu wa hewa hata ikikaa kabatini. Fedha ya digrii 950 za Selsiasi ikikutana na maji yaliyojificha jiweni, mvuke hulipuka na kuitema fedha kurudi juu, usoni mwa anayemimina. Weka vibao kwenye oveni ya digrii 120 hadi 150 kwa saa tatu au zaidi, ukianza na joto dogo. Joto la ghafla hupasua jiwe lenye maji. Miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunikwa ni lazima, na ndala ziachwe mlangoni.

Baada ya kukauka, nyuso zote mbili hufukizwa masizi. Mafundi wa zamani walitumia moshi wa kuni za msonobari zenye utomvu. Wengi wa leo hutumia moto wa asetilini usiotiwa oksijeni, na kibatari cha mafuta ya taa kinafanya kazi ileile kwa polepole. Tabaka liwe jembamba, jeusi, lililoenea sawa. Masizi huizuia fedha isigande kwenye chembe za jiwe na huisaidia kuteleza hadi kwenye kona. Yakiwa mazito yanabanduka na kuelea, na kila kipande kinaacha doa bovu kwenye uso wa pambo. Washington Matthews, daktari wa jeshi la Marekani aliyeandika kuhusu masonara hawa mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliwakuta wakizipaka shahamu ya mnyama kalibu zao za kusubia vipande vya fedha. Kwa michongo midogo midogo masizi ni bora, mafuta huziba.

Funga vibao pamoja kwa waya wa chuma au jiriwa ndogo mbili, ukaze kiasi cha kutosogea tu. Ukikaza sana tufa inavunjika ukingoni. Simamisha kalibu kwenye sinia la chuma lenye mchanga mkavu, izame hadi theluthi. Mchanga una kazi hapo tu, kuzuia kalibu isianguke na kudaka fedha inayovuja. Jiwe liwe bado la moto kutoka kwenye oveni, kiasi cha kutoweza kulishika kwa mkono mtupu. Jiwe la baridi hukata mwendo wa fedha, na utaona alama yake: mstari mwembamba kama mkunjo pale mikondo miwili ilipokutana bila kuungana. Mkunjo huo haulehemiki vizuri. Yeyusha upya.

Kikombe cha kuyeyushia kikiwa kipya, kipashe moto na kukipaka boraksi mpaka ndani kuwe na utando wa kioo, la sivyo fedha itang'ang'ania ukutani. Fedha ya 925 huanza kulainika digrii 802 na huwa majimaji yote ikifika 893. Imimine kati ya 950 na 1,000. Bila kipimajoto, angalia uso wake: kwanza inajikunja kuwa tone, utando wa juu unafunguka, kisha uso wote unang'aa na kuzungukazunguka chini ya moto. Ongeza chembe ya boraksi, tikisa kidogo, hesabu sekunde chache, mimina. Moto uwe laini, wenye gesi nyingi kuliko oksijeni. Fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni, nayo inapoganda huitoa, na hivyo ndivyo vinavyopatikana vipovu vilivyotapakaa kote, tofauti na vile vya shingoni. Kipande cha mkaa kikielea juu yake kinasaidia sana.

Mabaki ya zamani yanafaa, ila nusu ya mmimino iwe fedha mpya. Pitisha sumaku kwenye unga wa tupa uondoe chuma. Vipande vyenye lehemu viweke pembeni kabisa, kwa sababu lehemu huleta zinki, na ile ya zamani huleta kadimiamu, ambayo moshi wake ni sumu. Risasi ndiyo mbaya kuliko zote: chembe kidogo tu na bangili itakatika kama biskuti siku ya kuikunja.

Kumimina hakuna maajabu. Mdomo wa kikombe ukaribie mlango, moto uendelee kuupiga mdomo huo, na fedha iende kwa mkondo mmoja bila kusita mpaka faneli ijae. Inachukua sekunde mbili au tatu. Acha mpaka wekundu utoweke kwenye faneli, subiri dakika moja zaidi, kisha fungua kwa koleo. Usimwage maji juu ya jiwe la moto. Kalibu ya tufa inaweza kukupa mmimino mmoja, inaweza kukupa kadhaa, kutegemea jiwe na ukali wa mchongo, na kila mara ncha nyembamba za mchongo hubomoka kidogo. Ukitaka nakala nyingi zinazofanana, jiwe hili si la kazi hiyo.

Kata shingo kwa msumeno wa sonara, ondoa utando wa pembeni kwa tupa, kisha weka pambo kwenye asidi ya kusafishia. Ukitumia asidi ya sulfuriki, mimina asidi kwenye maji, sehemu moja kwa kumi, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Mimi napendelea unga wa sodiamu baisalfeti, hauna ukali wa kutisha. Koleo la kutolea liwe la shaba au plastiki. La chuma likiingia humo, fedha yako yote inatoka na rangi ya waridi, imevikwa shaba.

Bangili husubiwa ikiwa bapa na kukunjwa baadaye, na hapa ndipo kazi nzuri huishia kwenye pipa la mabaki. Fedha iliyosubiwa haina unyumbufu wa bapa lililofuliwa. Ipashe kwenye chumba chenye giza kidogo mpaka iwe nyekundu iliyofifia, digrii 600 hadi 650, wekundu ukiisha itie majini. Anza kukunja kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati kwa nyundo ya mbao au ya ngozi juu ya kiolezo cha chuma, mapigo machache, kisha ipashe tena. Ukisikia inakataa, simama. Bangili yenye mbavu zilizoachana hupashwa mara nyingi kuliko iliyo nzima, kwa sababu kila ubavu hukaza kwa kasi yake.

Kama kuna feruzi, lile jiwe la buluu-kijani, kikalio chake hulehemiwa mapema na jiwe huwekwa mwisho kabisa, baada ya moto wote na asidi yote. Feruzi ikipata joto hubadilika rangi au kupasuka, na asidi huula uso wake. Nimeona watu wakijaribu kuikinga kwa kitambaa kibichi ili waongeze lehemu kidogo. Toa jiwe, lehemu, lirudishe.

Msasa namba 220, kisha 400, kisha 600, ndipo ung'arishe kwa kitambaa chenye dawa. Mgongo uache ulivyo. Chembechembe za tufa zinazobaki hapo ni alama ya kazi, na Charles Loloma, sonara wa Kihopi, kabila jirani la Wanavajo, aliyefariki 1991, aliziacha makusudi hata upande wa mbele. Zinamsaidia pia mnunuzi, kwa kuwa soko limejaa nakala zilizosubiwa kwa nta na kalibu za mpira, zinazorudia pambo lilelile mara nyingi. Weka mapambo mawili yanayodaiwa kusubiwa jiweni upande kwa upande. Kitundu kilekile kikionekana mahali palepale kwenye yote mawili, huenda yametoka kwenye kalibu ya mpira, na sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa jina la kazi ya Wahindi Wekundu wakati sicho. Muulize muuzaji jina la fundi na kabila lake, akuandikie kwenye risiti.